Kuazima ontolojia si uvivu

Msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, kwa nini nihangaike na ontolojia za watu wakati naweza kuunda yangu?" (Ontolojia ni maelezo rasmi ya dhana za fani fulani na mahusiano yake, yaliyoandikwa ili kompyuta iyatumie.) Nikamkumbuka bosi wangu wa zamani, aliyeniambia kikaoni mbele ya wenzangu: "Tulikuajiri ubuni, si unakili." Mpaka leo yananichoma.

Mradi ulikuwa wa data za vihisi. Nilichukua SOSA, ontolojia ya vihisi na upimaji iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2017. Kihisi, upimaji na kinachopimwa vilikuwamo tayari, pamoja na jambo ambalo wengi hulisahau: wakati ambao kipimo kinauhusu, na wakati ambao jibu lilipatikana. Sampuli ya maji ikichukuliwa leo na maabara ikamaliza keshokutwa, hizo ni tarehe mbili. Wenzetu waliojibunia ya kwao waliweka safu moja tu, "tarehe", na hakuna aliyejua ni ipi. Juzi tumeunganisha data zetu na za timu nyingine inayotumia SOSA, na swali lile lile la SPARQL, lugha ya kuulizia data za aina hii, likajibiwa pande zote mbili. Natumaini bosi yule amesikia.

Sasa wewe unayetaka kuwa mhandisi wa maarifa, anza kwa kuandika maswali ambayo mfumo wako lazima uyajibu. Ndipo utafute. Ukiipata ontolojia, ifungue kwenye Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, usome mantiki yake, maana majina hudanganya. Katika FOAF, ontolojia ya kueleza watu na mahusiano yao, sifa ya `knows` (anamfahamu) ni ya mtu kwa mtu. Ukiandika kwamba kampuni inaifahamu kampuni nyingine, injini ya mantiki, yaani programu inayotoa hitimisho kutokana na ontolojia, haitakugombeza. Itahitimisha tu kwamba kampuni hizo ni watu. Na kwa kuwa FOAF inasema mtu hawezi kuwa shirika, ukiwa umeshazitaja kuwa mashirika, umejitengenezea mgongano. Hapo watu huilaumu FOAF! Soma, ndugu yangu. Soma kabla ya kuazima.

Leseni nayo isome. SNOMED CT, ya istilahi za kitabibu, kwa mfano, inayo. Tena usibebe mzigo mzima. Gene Ontology, ya kueleza kazi za jeni, ina makumi ya maelfu ya dhana. Ukihitaji chache, kata moduli, yaani kipande unachokihitaji tu, kwa ROBOT, programu ya kuchakata ontolojia.

Kiburi cha "yangu mwenyewe" tukiache. Ukikosa klasi fulani, yaani aina ya vitu, iunde kwenye anwani yako ya wavuti na uitundike chini ya yao kwa `subClassOf` (ni aina ndogo ya). Anwani zao usiziguse, hata kama jina halikupendezi.