Kidirisha kimefungwa, programu nzima imezimika: maswali na majibu ya C

Barua za safari hii karibu zote ni za vidirisha vinavyoibuka, ambavyo wengi wetu tunaviita popapu, kwenye programu za kompyuta za mezani zilizoandikwa kwa C. Ya mwisho tu ndiyo ya Linux, nyingine zote ni za Windows.

Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya SACCO yetu kwa C na Win32 tupu, yaani fanksheni za Windows zenyewe. Nikifungua kidirisha cha kuandikisha mwanachama kisha nikakifunga, programu yote inatoweka. Haileti hitilafu yoyote. Msimbo nimeuambatisha. – Mwanafunzi, Mbarara

Marahaba. Huoni hitilafu kwa sababu programu haikuanguka. Imeambiwa iondoke, nayo ikatii. Dirisha lako kuu na kidirisha chako vinatumia fanksheni ileile, WndProc, na ndani yake umeandika:

    case WM_DESTROY:
        PostQuitMessage(0);
        return 0;

Mtu akibofya alama ya kufunga, kidirisha kinapokea WM_CLOSE, kisha WM_DESTROY, na hapo PostQuitMessage inaitwa. Sasa, WM_QUIT si ujumbe wa dirisha fulani, ni wa thredi nzima, yaani mkondo mzima wa utekelezaji ndani ya programu. GetMessage ikiukuta inarudisha 0, lupu inayochukua jumbe inakatika, WinMain inafika mwisho, kwaheri.

Kisajilie kidirisha klasi yake yenye fanksheni yake, na PostQuitMessage ibaki kwenye dirisha kuu peke yake. Unapokiunda kwa CreateWindowEx, tumia WS_POPUP, usitumie WS_CHILD, na umtaje mwenyewe, yaani dirisha linalokimiliki: hapa ni hwnd (kitambulisho) ya dirisha kuu. Kidirisha chenye mwenyewe hukaa juu yake daima, hujificha huyo mwenyewe akishushwa, na huondoka naye. Cha WS_CHILD kingefungiwa ndani ya mipaka ya dirisha kuu na kukatwa pembeni.

Kuna mtego mwingine unaokusubiri. Utataka dirisha kuu lisiguswe wakati kidirisha kiko wazi, kwa hiyo utaita EnableWindow(kuu, FALSE). Hapo sawa. Wakati wa kufunga, liamshe kwanza dirisha kuu kwa EnableWindow(kuu, TRUE), ndipo uite DestroyWindow. Ukigeuza mpangilio huo, kidirisha kinapoondoka Windows haioni dirisha lako lolote linaloweza kupokea kibodi. Inaipa programu nyingine nafasi, na karani wako anajikuta anatazama Excel.

Ujumbe wangu wa MessageBox wakati mwingine unajificha nyuma ya dirisha. Mtumiaji anadhani programu imeganda. – Jinja

Umepitisha NULL mahali pa kwanza, panapotajwa dirisha mwenyewe. Weka hwnd ya dirisha lako.

Habari kaka. Nina programu ya mauzo kwenye duka la dawa. Dawa iliyopita muda wake ikiskaniwa, MessageBox inatokea na kuonya. Wauzaji wanaapa kwamba hawakuona onyo, na mimi nikilijaribu linatokea vizuri kabisa. Nani anadanganya? – Fundi, Wandegeya

Njema, kaka. Hakuna anayedanganya. Wewe unajaribu kwa kuskani pakiti moja na kutulia. Muuzaji mwenye foleni ya wateja anaskani pakiti tatu mfululizo huku akitazama mkono wake, wala si skrini. Skana za kawaida za msimbopau hujifanya kibodi: hutuma tarakimu, na nyingi zimepangwa zimalizie na Enter. Pakiti ya kwanza inaleta onyo, pakiti ya pili inatuma tarakimu zake ambazo MessageBox haizijali, kisha ile Enter inabonyeza OK. Onyo limeishi chini ya sekunde moja. Ubaya zaidi, pakiti ya pili yenyewe haikuingia kwenye bili.

Nusu ya tiba ni kuuliza badala ya kuarifu: MB_YESNO | MB_ICONWARNING | MB_DEFBUTTON2, ili Enter iangukie "hapana" na dawa isiuzwe. Kwa MB_YESNO hata kitufe cha Esc hakifungi kidirisha. Ila pakiti ya pili bado itapotea.

Mimi kwenye kaunta nisingetumia popapu kabisa. Tenga ukanda juu ya orodha ya bili, uupake rangi nyekundu, andika jina la dawa na tarehe yake ya mwisho, na mstari huo wa bili usijumlishwe mpaka mtu auondoe kwa kipanya. Skana haina kipanya. Muuzaji anaendelea kuskani, na onyo linabaki pale pale mbele ya macho ya mteja pia, jambo ambalo lina faida zake.

Nikituma risiti EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Uganda), dirisha linapauka na kichwani panaandikwa "Not Responding". Intaneti ikirudi, kila kitu kinaendelea. Niongeze popapu ya "Tafadhali subiri"? – Mbale

Popapu hiyo nayo itapauka. Kosa ni kwamba unatuma risiti ndani ya WM_COMMAND (ujumbe unaoletwa na kitufe kikibonyezwa), yaani ndani ya thredi ileile inayopaswa kuchukua jumbe kwenye foleni. Inapokuwa imekaa kusubiri mtandao hakuna anayechora dirisha wala anayesikiliza kipanya. Dirisha lisipochukua ujumbe kwa sekunde 5, Windows inaweka mbele yake nakala iliyopauka. Hiyo ndiyo unayoiona.

Anzisha thredi nyingine kwa _beginthreadex, ifanye kazi ya mtandao, ikimaliza ipeleke habari:

    PostMessage(hwnd, WM_APP + 1, hali, (LPARAM)jibu);

Hapo "jibu" liwe kumbukumbu uliyoiomba kwa malloc, na upande wa WM_APP + 1 uisome kisha uite free. Usipeleke pointa ya herufi zilizo ndani ya fanksheni ya thredi. PostMessage haingoji, na ujumbe unaposomwa fanksheni ile huenda ilikwisha zamani, pointa inaelekeza kwenye takataka. Angalia pia inachorudisha: ikiwa ni 0, ujumbe haukupokelewa, na free ni juu ya thredi yako.

Kuna watakaokushauri utumie SendMessage. Hiyo hungoja mpaka dirisha lijibu. Kama dirisha kuu nalo limekaa kwenye WaitForSingleObject likiisubiri thredi, basi kila mmoja anamngoja mwenzake hadi umeme ukatike.

Halafu zima kitufe cha kutuma kwa EnableWindow kabla thredi haijaanza. La sivyo karani atabonyeza tena, na mteja mmoja atapata risiti mbili.

Programu ya shule yetu inakumbusha kila baada ya dakika 5, "Hifadhi kazi yako." Mwalimu akitoka darasani na kurudi anakuta popapu zimerundikana. – Arua

MessageBox ina lupu yake ya ndani inayoendelea kusambaza jumbe, WM_TIMER ikiwemo. Kwa hiyo saa inagonga tena wakati ujumbe wa kwanza bado uko wazi, na unafungua wa pili, na wa tatu. Ita KillTimer kabla ya MessageBox na SetTimer baada yake.

Lakini ndugu yangu, kama programu inajua kwamba muda wa kuhifadhi umefika, si ihifadhi tu? Iandike kwenye faili la muda kila dakika 5, kimya kimya.

Nataka vitufe visomeke "Ndiyo" na "Hapana". Pia maneno ya Luganda yenye ŋ yanatoka kama Å‹. – Masaka

Vitufe vya MessageBox hufuata lugha ya Windows iliyowekwa kwenye kompyuta, na MessageBox yenyewe haikupi njia ya kuviandika upya. Tumia TaskDialogIndirect, iliyopo tangu Windows Vista, ambayo inakubali maandishi yako kwenye vitufe. Inahitaji comctl32 (maktaba ya vidhibiti vya Windows) toleo la 6, hivyo usisahau manifesti, yaani maelezo yanayoiambia Windows itumie toleo hilo, la sivyo programu haitafunguka kabisa.

Ile Å‹ ni baiti mbili za ŋ katika UTF-8, C5 na 8B, zinazosomwa kana kwamba ni herufi mbili za Kizungu. Unaita MessageBoxA. Ita MessageBoxW na stringi za L"...", na kama kompaila yako ni ya Microsoft, ongeza /utf-8 kwenye amri ya kukompaili.

Natumia GTK, maktaba ya kuunda madirisha, kwenye Ubuntu. Kompaila inasema gtk_dialog_run haijulikani. – Mwanafunzi, Kampala

Unafuata mafunzo ya GTK 3 huku ukitumia GTK 4, ambayo iliiondoa. Kidirisha sasa unakionyesha, unaendelea na kazi, na jibu linakujia kwa signali ya "response". Kuanzia 4.10 kuna GtkAlertDialog na gtk_alert_dialog_choose. Ukiiunda kwa gtk_alert_dialog_new, kumbuka kwamba inasoma maandishi kwa kanuni za printf. Maandishi yaliyotoka kwa mtumiaji yapitishe kwa "%s", maana atakayeandika "punguzo 10%" bila wewe kujikinga anaweza kukuangushia programu.