Pikipiki ya kwanza ya milimani: YZ250F au XL 125?

Ndugu yangu, umeuliza kama fedha uliyonayo uitumie kununua Yamaha YZ250F iliyochakaa au Honda XL 125 ya zamani, nawe ndiyo kwanza unajifunza kupanda njia za Lushoto. Chukua Honda. YZ250F ni pikipiki ya mashindano: injini yake hupozwa kwa maji, huzunguka kwa kasi kubwa, na pistoni yake hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi, kwa hiyo bei ndogo unayotajiwa huenda ni matengenezo ambayo muuzaji anakuachia wewe. XL 125 hupozwa kwa upepo, nguvu yake haimshtui anayejifunza, na fedha itakayobaki itakununulia helmeti nzuri na buti ngumu, vitu ambavyo nakusihi usivipuuze.

Siku ya ukaguzi, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uiguse injini kwa kiganja, maana iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Inua gurudumu la nyuma, ulitikise kwa nguvu kushoto na kulia. Likicheza, bringi za gurudumu au bushi za mkono unaolishika zimekwisha. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele uone kama kinatoka na oili, na utazame meno ya spoketi, lile gurudumu dogo la mnyororo, kama yamechongoka na kulalia upande mmoja.

Namba ya chesesi, ile iliyochongwa kwenye fremu, ilingane na ya kwenye kadi ya pikipiki, tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta imepigwa tupa, ondoka, hata bei ikikuvutia namna gani.