Maswali yenu kuhusu nyambizi za Italia zilizogeuzwa kuwa za mizigo

Makala ya wiki iliyopita, iliyohusu nyambizi za Italia zilizosafiri kutoka Bordeaux, Ufaransa, hadi Singapore mwaka 1943, imeleta maswali mengi. Leo najibu baadhi yake.

Kwa nini wabebe mizigo kwa nyambizi wakati meli ya kawaida inabeba mara nyingi zaidi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu meli za kawaida zilikuwa hazifiki tena. Mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, ikajikuta imekalia mpira, bati na kwinini, vitu ambavyo Ujerumani na Italia walivihitaji mno. Wajapani nao walitaka silaha na mitambo mipya kutoka Ulaya. Tatizo lilikuwa njia. Suez ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na meli zilizojaribu kupenya kwa kuzunguka Afrika zilizidi kuzamishwa. Ndipo Admirali Karl Dönitz wa Ujerumani alipopendekeza kwamba Italia itoe nyambizi zake kubwa zilizokuwa Bordeaux zibebe shehena, na Ujerumani iifidie kwa nyambizi mpya za kivita. Zile za Italia zilikuwa nzito na zilichukua muda kupiga mbizi, hivyo kuwinda misafara ya meli kulikuwa kumezishinda. Ila nafasi zilikuwa nayo.

Mzigo waliuweka wapi? Nasikia hata pa kulala ni shida humo. (Mwanafunzi, Morogoro)

Walitoa silaha. Mizinga ya sitahani iling'olewa na torpedo zikaachwa bandarini, ili kila pembe iliyopatikana ijazwe mzigo au mafuta ya safari. Kilichobaki ni bunduki za kujikinga na ndege, basi. Hebu fikiria vijana zaidi ya hamsini ndani ya chombo kama hicho, wakivuka ikweta kwenye joto lile kwa karibu miezi miwili, huku wakijua kwamba wakikutana na manowari hawana cha kurusha.

Cappellini, mojawapo ya nyambizi hizo, yenye urefu wa mita 73, ilibeba takriban tani 160: zebaki, alumini, vyuma, mizinga ya milimita 20 na risasi zake, pamoja na sampuli za mabomu. Zebaki ilifaa sana kwa kazi hii. Lita moja tu ina uzito wa kilo 13 na nusu, kwa hiyo thamani kubwa inakaa mahali padogo. Mzigo wa kurudi nao ulikuwa na urahisi wake, maana maji ya chumvi hayauharibu mpira upesi, na ungeweza kupakiwa hata nje ya vyumba vya mabaharia.

Hata hivyo, tani 160 ni kidogo sana. Meli moja ya kawaida ya wakati ule ilibeba maelfu ya tani. Naamini waliopanga safari hizi walijua hesabu haiwiani, wakawatuma vijana wale hivyohivyo, na hilo linanisikitisha kuliko yote katika habari hii.

Hii Cappellini ndiyo ile iliyoizamisha Kabalo? (Msomaji, Lubumbashi)

Ndiyo hiyohiyo. Kabalo ilikuwa meli ya Wabelgiji yenye jina la mji wenu wa kwenye mto Lualaba. Ilizamishwa Oktoba 1940. Kamanda Salvatore Todaro alikataa kuwaacha manusura baharini: aliivuta mashua yao, na ilipoharibika akawapandisha kwenye nyambizi hadi visiwa vya Azores. Yeye mwenyewe aliuawa Desemba 1942, kabla nyambizi yake ya zamani haijafanywa ya mizigo.

Zilifika ngapi, na mwisho wake ulikuwa nini? (Wengi wameuliza)

Tano ziliondoka Mei na Juni 1943, zikafika tatu. Cappellini chini ya Walter Auconi ilitia nanga Sabang, Sumatra, mwezi Julai. Giuliani na Torelli zikafuata. Torelli ilimbeba Kanali Kinze Satake, mtaalamu wa Kijapani aliyekuwa akirudi kwao na ujuzi wa rada za Kijerumani. Tazzoli na Barbarigo zilipotea na watu wote waliokuwemo.

Tarehe 8 Septemba 1943 ikatangazwa kwamba Italia imesitisha vita. Wajapani wakawashika mabaharia waliokuwa wageni wao jana yake, na Wajerumani wakazichukua nyambizi. Giuliani ilizamishwa na nyambizi ya Uingereza, Tally-Ho, Februari 1944 kwenye mlango-bahari wa Malaka. Mwezi huohuo Cappellini iling'oa nanga Penang kurudi Ulaya ikiwa na shehena, lakini Waingereza, waliokuwa wakisoma ujumbe wa siri wa Wajerumani, waliziwinda meli za kuwajazia mafuta katika Bahari ya Hindi. Ikabidi igeuze. Mwaka 1945 Ujerumani iliposhindwa, Cappellini na Torelli zikapandishwa bendera ya tatu, ya Japani, na mwaka 1946 Wamarekani wakazizamisha karibu na Kobe. Hakuna kipande cha mpira kilichofika Ulaya kwa nyambizi hizo tatu.

Je, zilipita pwani yetu? (Msomaji, Tanga)

Zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kukata bahari kuu, mbali na huku. Lakini miaka miwili kabla yake, nyambizi nne za Italia zilipita upande wetu zikielekea kinyume. Machi 1941 Waingereza walikuwa wakiikaribia Massawa, Eritrea, na nyambizi zilizokuwa pale zingetekwa. Guglielmotti, Archimede, Ferraris na Perla zikatoka Bahari ya Shamu, zikashuka Bahari ya Hindi, zikazunguka Afrika yote hadi Bordeaux. Perla ndiyo ya kushangaza, kwani ilikuwa ndogo, iliyoundwa kwa bahari za karibu. Ilijaziwa mafuta na meli ya Kijerumani Atlantis kusini mwa Madagaska, ikafika tarehe 20 Mei baada ya siku 80 hivi. Massawa ilikuwa imeshaanguka tangu Aprili 8.