Kutambua tamathali za semi katika Kiingereza: anza na swali, majina yafuate

Wanafunzi wengi niliowasaidia katika somo hili huja wakiwa wamekariri majina: tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha, kinaya. Fasili wanazijua barabara, lakini wakiwekewa aya ya kawaida ya Kiingereza huanza kusaka maneno mawili tu, yaani "like" na "as", na wasipoyaona huamua kwamba aya ile haina tamathali hata moja. Ushauri wangu ni kuyaweka majina kando kwanza na kujiuliza swali jepesi: je, jambo hili laweza kuwa kweli kama lilivyosemwa? Sentensi inapogoma kueleweka kwa maana yake ya wazi, hapo ndipo pa kusimama na kuchunguza.

Maneno hayo mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo yanayowapoteza wengi. "She works as a nurse" inataja kazi ya mtu, na "As we were leaving, it rained" inaeleza wakati. Hakuna tashbihi katika sentensi hizo. Hata ulinganisho halisi unaweza usiwe tashbihi. "He looks like his brother" inalinganisha binadamu na binadamu, na yeyote anaweza kuuthibitisha kwa macho. Tashbihi hukutanisha vitu vya jamii tofauti kwa sifa wanayoshiriki, kama mshairi wa Uskoti Robert Burns alivyolifananisha penzi lake na waridi jekundu katika shairi lililochapishwa mwaka 1794. Shakespeare naye, katika soneti ya 130 iliyochapishwa mwaka 1609, alilitumia neno "like" ili kukana kwamba macho ya mpenzi wake yanafanana na jua. Msomaji anayehesabu viunganishi tu ataiona tashbihi hiyo, lakini atapitwa na mchezo mzima wa mshairi anayewapinga wale waliozoea kusifu kwa kutia chumvi.

Sitiari, yaani kukitaja kitu kana kwamba ni kingine bila neno la kulinganisha, haimsumbui mtu inapojengwa kwa nomino mbili, kama "Time is money". Inayojificha ni ile iliyo ndani ya kitenzi. Chukua sentensi hii: "He attacked the foundations of my argument." Kwa haraka inaonekana kama maelezo ya kawaida ya mdahalo. Hata hivyo, "attacked" ni neno la vita, na "foundations" ni neno la ujenzi. Hoja imefanywa kuwa jengo, na mpinzani amefanywa kuwa askari anayelishambulia, yote katika maneno machache. Mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson walionyesha mwaka 1980 kwamba lugha ya kila siku imejaa sitiari za namna hii, na naamini ndiyo sababu huwa ngumu kuonekana: zimezoeleka mno. Mimi husoma nikiwa na penseli, nikipiga mstari chini ya kila kitenzi na kujiuliza ni nani au ni kitu gani hasa hutenda tendo hilo. Kwa njia hiyo hiyo tashihisi hujitenga yenyewe. Katika "The wind whispered", kunong'ona ni tendo la binadamu, kwa hiyo upepo umepewa utu. Katika "Prices soared", kupaa angani ni tendo la ndege, kwa hiyo hiyo ni sitiari na haifai kuitwa tashihisi.

Mahali pengine panapochanganya ni kati ya sitiari na taashira. Sitiari husimama juu ya mfanano. Taashira husimama juu ya uhusiano, pale kitu kinapotajwa kwa jina la kingine kilicho karibu nacho. Jaribio ninalolitegemea ni kuingiza neno "like". Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipolihutubia Bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town tarehe 3 Februari 1960, alisema kwamba "wind of change" ilikuwa ikivuma barani. Mabadiliko ni kama upepo: ulinganisho unakubali, basi hiyo ni sitiari. Sasa jaribu "The White House denied the report." Hakuna anayefanana na jengo lile, serikali imetajwa kwa jina la mahali rais anapofanyia kazi, na hiyo ni taashira. Ndivyo ilivyo pia katika "The pen is mightier than the sword", maneno ya tamthilia ya Edward Bulwer-Lytton ya mwaka 1839, ambamo kalamu inasimama badala ya maandishi na upanga badala ya nguvu za kijeshi.

Mubalagha, yaani kutia chumvi kupita kiasi, hutambulika kwa urahisi, ila usidanganywe na neno "literally". Anayesema "I literally died laughing" bado yu hai, na neno hilo limezidi kuikuza chuku yenyewe. Kinaya, yaani kusema kinyume cha unachokusudia, kinadai usome zaidi ya sentensi moja, maana "What a brilliant idea" yaweza kuwa sifa au dhihaka, na ni mazingira tu yanayoamua.

Nahau zina kipimo chake: nyingi huvunjika zikibadilishwa umbo. "He kicked the bucket" humaanisha amekufa, lakini ukisema "The bucket was kicked by him", msikilizaji atafikiria ndoo halisi.

Kwa mazoezi, napendekeza habari za uchumi na za michezo kabla ya mashairi. Shairi linakuonya mapema kwamba lugha imepambwa, ilhali habari za masoko ya hisa zitakupa bei zinazopaa, benki zinazozama na sarafu zinazougua bila onyo lolote, na ni huko jicho linakojifunza kusimama lenyewe.