Okestra ya laivu kwenye onyesho la mavazi: vipimo vingapi vya muziki kwa kila mwanamitindo?

Vipimo 16, kila kimoja kikiwa na mapigo manne, kama jukwaa ni la mita 20. Muziki ukiwa mapigo 120 kwa dakika, anapiga hatua mbili kila sekunde, kila moja kama sentimita 70: kwenda sekunde 14, kurudi 14, kusimama mbele 3 au 4. Hizo ni karibu sekunde 32, yaani mapigo 64, ndiyo vipimo 16. Ila kiatu kikigoma kufungika nyuma ya pazia hesabu yote inavurugika, kwa hiyo wapigaji wawe na kipande kifupi cha kurudiarudia mpaka mwongozaji atoe ishara. Halafu kwa ukavu wa Dodoma kiangazi, vigingi vya fidla husinyaa na nyuzi kulegea. Fidla ziwekwe ukumbini mapema, nyuzi zikazwe tena kabla tu ya kuanza.