Choo kimepimwa "hamna kitu" na mtoto bado anaharisha

Dada wa Masasi pole sana na mwanao. Umeuliza inakuwaje choo kinapimwa mara mbili majibu hamna kitu na huku mtoto anatapika na kuharisha maji. Mi nafanya kazi maabara hapa Mtwara mjini, hili swali akina mama wananiuliza kila siku na linaniuma kwa kweli.

Kile kipimo cha kawaida cha hadubini kinatafuta mayai ya minyoo, amiba, giadia, damu na usaha basi. Kirusi hakionekani pale hata mpimaji awe fundi kiasi gani, astrovairasi kwa mfano, moja ya virusi vya kuharisha, zinatakiwa zipangwe mstari zaidi ya 30,000 ndo zifike milimita moja, waliozigundua Uingereza 1975 walitumia hadubini ya elektroni yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo "hamna kitu" maana yake hamna minyoo wala amiba, haimaanishi mtoto haumwi.

Afu kuna vile vikadi vya haraka, vinapima virusi viwili tu, rota na adeno, kikitoka hasi mtu anaandika sio virusi mtoto anapewa Flagyl, dawa ya amiba. Jamani hapana! Kuna virusi vingine vya kuharisha, kuna noro, kuna astro, kuna sapo iliyoleta mlipuko kwenye kituo cha kulelea watoto Sapporo, Japani 1977, kuna Aichi iliyopatikana hukohuko Japani 1989 kwa mgonjwa aliyeumwa tumbo baada ya kula chaza. Kikadi hakiwajui hao, na chanjo ya rota tuliyoanza kutoa nchini 2013 haiwagusi.

Wanaonekana kwa kipimo cha PCR, kinachozalisha vinasaba vya kirusi mpaka viwe vingi vya kutosha kusomeka. Ila mashine haitafuti usichoiambia itafute, kama hujaweka vitendanishi (kemikali za kupimia) vya sapo basi sapo itapita tu. Na hata ikitoka chanya kuna watoto wazima kabisa wanatoa virusi hivyo kwenye choo wiki kadhaa baada ya kupona, so lazima uangalie na dalili. Sampuli nayo ichukuliwe siku za mwanzo, sio kukwangua pampasi, iwekwe chombo kikavu kwenye boksi la barafu, maana choo kilichotoka Masasi mpaka Mtwara kwenye basi na hili joto letu vinasaba vya virusi hivi vinaweza kuharibika njiani.

Kwa sasa usihangaike kutafuta PCR, haibadilishi matibabu. Mpe ORS kidogo kidogo kila mara hata akitapika, subiri dakika kumi uendelee, zinki siku 10 mpaka 14, nyonyesha kama ananyonya, antibaotiki haiui kirusi. Macho yakidumbukia, akilegea, asipokojoa au ukiona damu kwenye choo usisubiri majibu ya mtu, mkimbize hospitali hata usiku wa manane. Niambie ana miezi mingapi na kama alimaliza matone ya rota.