Tano za Novemba 2023 nilizishangilia kimya, nimekaa na baba mkwe

Mtoa mada umeuliza mawili kwa mpigo: mtu unashangiliaje timu yako ikiwafunga watani ugenini, na hivi Simba na Yanga kuna ugenini gani wakati zote mbili zimekuwa zikichezea Uwanja wa Mkapa, hapahapa Dar? Wakuu walionitangulia wamekujibu kwa vijembe tu. Mimi nina kisa, na jibu la swali lako la pili nilipewa na mtu wa Simba, jioni ileile ambayo sisi Yanga tuliwapiga tano moja.

Kwanza unijue. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, Yanga ya kurithi, na nimeoa Uzaramoni, hapo Temeke. Mwaka 2016 mshenga wangu alipopeleka posa, baba mkwe aliuliza dini, akauliza kazi, akauliza ukoo, halafu akauliza timu. Mshenga ni mtu mzima, anajua kusoma nyumba za watu. Alikuwa ameshaiona picha ya kikosi cha Simba ukutani, imewekwa juu kuliko hata saa. Akajibu, "Kijana hana timu, mzee. Anapenda mpira tu." Posa ikapokelewa. Mimi nikawa mtu asiye na timu kwa miaka saba.

Msicheke. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, Simba na Yanga ni watani wa jadi, kwa hiyo ungesema mimi na yule mzee tulikuwa na leseni mbili za kutaniana. Lakini ukwe unazifuta zote. Shemeji utamtania, bibi wa mke utamwita mke wangu, baba mkwe unampa shikamoo na kuangalia chini. Wakenya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards wanaiita Mashemeji Derby, na nawaonea wivu, maana shemeji unamzomea vizuri tu. Yangu mimi ilikuwa ya wakwe.

Ndani ya miaka hiyo nimekaa sebuleni kwake nikiwa na uso wa mtu anayeangalia taarifa ya hali ya hewa. Aprili 16, 2023 nilikuwa pale Inonga wa Simba alipotutia la kwanza kabla sijakaa vizuri, Kibu akaongeza la pili. Mzee akanigeukia: "Umeona, mkwe, mpira huo?" Nikamwambia nimeuona, baba. Agosti wakatuchapa kwa penalti Ngao ya Jamii kule Mkwakwani, Tanga. Nikauona tena.

Na kabla ya hapo, msisahau, kulikuwa na deni la zamani zaidi. Mei 6, 2012 Simba walitupiga tano bila. Wakati huo nilikuwa muuza vitambaa dukani Kariakoo, na bosi wangu alikuwa Msimbazi damu. Kila Jumatatu, kwa mwezi mzima, nilikuta machungwa matano juu ya kaunta yamepangwa mstari. Hasemi kitu. Anapita, anayahesabu kwa kidole, anaondoka. Mpaka leo nikiona chungwa limemenywa naliruka.

Sasa basi. Ijumaa kabla ya mechi ya Novemba 5, 2023, mke wangu ananipigia. Baba anataka kwenda uwanjani, kaka zake wamesafiri, "Wewe ndiye utampeleka." Nikauliza tutakaa wapi. Akacheka mpaka simu ikakatika. Simba ndio walikuwa wenyeji wa mechi hiyo, na mzee alishakata tiketi mbili, upande wao, katikati kabisa ya wekundu.

Jumapili nikavaa shati la kijivu. Mzee alitoka na jezi nyekundu juu ya kanzu, barakashia, na skafu ambayo naamini ina umri kunizidi. Njia nzima kutoka Temeke hadi uwanjani alikuwa analalamikia Al Ahly ya Misri. Simba walikuwa wametoka kucheza nao African Football League wiki mbili nyuma, mbili mbili hapa Dar, moja moja Cairo, wakatolewa kwa mabao ya ugenini. "Mkwe, hatukufungwa na mtu. Tumetolewa na hesabu." Nikasema ni kweli, baba. Lilikuwa neno la kwanza la ukweli nililomwambia kuhusu mpira.

Dakika ya tatu Musonda wetu akafunga.

Hapa ndipo naanza kukujibu swali la kwanza. Furaha ya bao ukiizuia haipotei, inatafuta mlango mwingine. Mimi ilitokea kooni. Nikapaliwa, nikakohoa mpaka machozi. Mzee akanipigapiga mgongoni, akanipa maji yake ya kunywa. Nilikunywa maji ya mtu aliyefiwa. Dakika ya tisa Kibu akawasawazishia Simba, jukwaa likapasuka, mzee akanikumbatia kwa nguvu nisizozijua, nami nikainua mikono hadi usawa wa masikio, kama mtu anayekaguliwa mlangoni.

Mapumziko moja moja. Tukanunua karanga. Mzee akanisimulia 1977, kama kawaida, Simba walivyotufunga sita bila, Kibadeni katia tatu peke yake, na yeye alikuwepo uwanja wa zamani pale jirani, tulioupachika jina la Shamba la Bibi. Ile hadithi naijua neno kwa neno. Nimeisikia Idi, nimeisikia Maulidi, nimeisikia kwenye kitchen party ya shemeji yangu ambako wanaume hatukutakiwa tuwepo.

Kipindi cha pili sitaki kukisimulia kama mtangazaji, video mnazo. Nzengeli dakika ya 64. Aziz Ki 73. Nzengeli tena 77. Yote yetu. Kwenye lile la pili simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni kama ina malaria, group letu la Yanga, na nikaibana kwa paja. Kwenye la tatu nilikanyaga chini kwa mguu wa kulia, mara moja tu. Jamaa wa mbele akageuka. Nikamwambia, "Inauma, kaka."

Mtu anaweza kusema kwa tatu moja si ungetulia, mechi imekwisha. Wewe hukuwepo Oktoba 20, 2013, tulipocheza na haohao Simba. Tulikwenda mapumziko tunaongoza tatu bila, mimi nikatoka nje kuwapigia watu Tabora, niliporudi ikaishia tatu tatu. Tangu siku ile siamini ubao wa matokeo. Hata nne moja nilikuwa naihesabu kama kitu cha kuazima.

Baada ya la nne wekundu wakaanza kuondoka. Viti vinabaki vitupu safu kwa safu, na ng'ambo kule kijani na njano wanaruka pamoja, zege linatetemeka hadi kwetu. Nikamwambia mzee, baba, tuwahi usafiri. Akasema, "Mwenye msiba haondoki kabla ya maziko. Kaa."

Tukakaa. Dakika ya 87 penalti yetu, Pacome akaweka mpira. Hapa nakiri kosa. Kwa sauti ya ndani kabisa, nilidhani ni mawazo tu, nikasema, "Weka." Akaweka. Mzee alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua hakuangalia uwanja, aliniangalia mimi, halafu akaanza kuikunja skafu yake polepole, mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu.

Nje mnajua palivyokuwa. Bodaboda zinapiga honi, kila mkono umefunguliwa vidole vitano, watu wanaimba kono la nyani, vuvuzela, na sehemu fulani niliona jeneza limefunikwa kitambaa chekundu. Jeneza mimi silipendi, niseme wazi, hata likibebwa na wa kwetu. Katika vurugu hiyo kijana mmoja wa bodaboda akaja mpaka usoni kwa mzee, akamwekea kiganja cha vidole vitano mbele ya pua: "Shika, mzee, tano hizo!" Nikamjia juu, nikamwambia amwombe mzee radhi.

Mzee akanishika mkono. "Mwache. Ni haki yake. Wametufunga kwetu."

Ndiyo hiyo mtoa mada. Nilikuwa na swali lako kichwani miaka yote. Makao makuu ya Simba yako Msimbazi, yetu Twiga na Jangwani, unatembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine na jasho halijakutoka. Uwanja umekuwa mmoja. Kinachobadilika ni karatasi: mwenyeji ndiye anayeuza tiketi, mapato ya mlangoni ni yake baada ya makato, msimu unarudiana na mambo yanageuka. Nilidhani ni hayo tu. Lakini yule mzee alisema "kwetu" kama mtu aliyevunjiwa mlango. Wao ndio waliotualika, wao ndio waliosema karibuni, wakapika, na mgeni akala chungu chote mbele yao. Aprili 2024 sisi tulipokuwa wenyeji tuliwafunga mbili moja, na nilifurahi, ila ilikuwa furaha ya mtu aliyelinda nyumba yake. Ile ya Novemba ilikuwa furaha ya kuingia kwa mtu. Hazifanani kabisa, na nani asiyejua kwamba hata kocha wao Robertinho hakufika mwisho wa wiki ile na kibarua chake.

Na tofauti ya pili, ambayo wa Manchester na Milan sidhani kama wanaijua vile tunavyoijua sisi: mgeni wa kwetu hana basi la kumrudisha mji mwingine. Unamfunga mtu, halafu unarudi naye nyumba moja, mnagombea bomba moja la maji asubuhi. Kwa hiyo wakuu mnaosema mshangilie mpaka kuche, angalieni mtalala wapi. Mimi nilikuwa nalala kwa baba mkwe.

Tukafika. Mama ameshapakua, wali na samaki wa nazi, na hakuuliza matokeo, maana mtaa mzima ulishamwambia. Tukanawa. Mzee akamega tonge la kwanza, hakulitia mdomoni.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, baba?"

"Yanga."

Mke wangu akainuka ghafla akakumbuka kitu jikoni. Mimi nikaangalia samaki, samaki akaniangalia.

"Tangu utotoni, baba. Tabora."

"Na mshenga?"

"Alisema sina timu, baba. Mimi sikusema."

Akatafuna kwanza. Akameza. Akamwita mama, akamwambia, "Unasikia? Miaka saba tunalisha chura humu ndani." Chura ndilo jina watu wa Simba wanalotuitia. Mama akasema yeye alijua tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu Simba wakishinda mkwewe hamalizi chakula. Mzee akamwangalia mkewe kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. Nadhani hapo ndipo alipofungwa la sita.

Kisha akatoa hukumu, na naomba niinukuu vizuri kwa sababu sijasikia hakimu wa namna hii tena. Akasema kama mkwe sina ruhusa ya kushangilia mbele yake, leo wala kesho. Lakini mimi pia ni Mnyamwezi, mtani, na mtani hata msibani ana haki yake. Si mnalala kwenye kaburi la watu mpaka mpewe chochote? Basi kama mtani nitoke nje, nyuma huko kwenye mwembe, nishangilie nimalize, nirudi ndani nikiwa mkwe. Na faini yangu ya kumdanganya ni mbuzi.

Nikadhani anatania. Akaelekeza mlango kwa kidole kilichokuwa bado na wali.

Nikatoka. Giza, mwembe, kuku wamelala, mtaa wa pili wanapiga honi. Unajisikia mjinga, mtu mzima na ndevu zako, umepewa kibali cha furaha. Nikaanza na moja la aibu, kamruko kadogo, kwa ajili ya Musonda. La pili nikaruka vizuri. La tatu nikapiga kelele, mbwa wa jirani akaitikia. Kwenye la nne nilikuwa nalia, sijui kwa nini, nadhani ni yale machungwa. La tano nikaruka mpaka nikashika tawi.

Mle ndani, kupitia nyavu za dirisha, nikasikia sauti ya mzee, mdomo umejaa, anahesabu kila nikitua.

"... nne ... tano. Basi, hapohapo! Sita ni yetu. Ingia ule."